KANONI APOLO KIVEBULAYA, MTU WA KITABU NA JEMBE



Kamati imeona vema toleo hili la ukumbusho liwe na habari za mtu mmoja aliyefariki tarehe 30 Mei 1933 huko Boga, katika Ituri. Wakati wake jina la mahali liliandikwa Mboga. Wazee waliotoka upande ule wanamfahamu tangu utoto, maana kila mwaka tarehe hiyo kanisa la Anglikana humfanyia ibada ya kumbukumbu. Lakini vijana waliozaliwa hapa kambini wanalisikia jina tu. Wafanyakazi wengi wa mashirika nao wametuuliza ni nani yule mzee anayechorwa akiwa na Biblia mkono mmoja na jembe mkono wa pili. Huyu ndiye.

Sababu nyingine ni ya njia. Wengi wetu tulitoka Ituri tukavuka mto Semliki au ziwa Albert, watoto mgongoni na sufuria kichwani. Apolo alipita njia ile ile, ila yeye alikuwa anaelekea upande ule tuliokimbia sisi. Jambo hili limetufanya tumfikirie sana.

KIJANA WASWA

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akaitwa Waswa. Jina hilo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Alikua katika siku za Kabaka Mutesa, wakati nchi ilipokuwa ikisikia mafundisho mapya kutoka pande nyingi. Uislamu ulitangulia kufika, ukaletwa na wafanya biashara wa pwani. Mwaka 1877 wakaja wamisionari wa Kiingereza, na mwaka 1879 mapadri wa Kikatoliki kutoka Ufaransa.

Waswa aliingia kwanza katika Uislamu. Hatulisemi hili kwa kuwadharau ndugu zetu Waislamu tunaoishi nao hapa. Tunalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kuna heshima ndani yake. Katika Buganda ya wakati ule, mtu wa dini, Mwislamu kwa Mkristo, aliitwa msomaji. Kuamini na kusoma vilikwenda pamoja. Waliowafundisha watu wa nchi ile kwamba Mungu hutafutwa pia katika kitabu walikuwa kwanza Waislamu, na sisi sote tumekula matunda ya kazi yao.

Baadaye kijana huyu alisikiliza mafundisho ya Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti aliyefika Buganda mwaka 1878. Mackay alikuwa akitengeneza vyuma, akipiga chapa, na kufundisha Injili. Yatupasa sisi wasemaji wa Kiswahili tukumbuke kwamba kabla ya Injili kutafsiriwa kwa Kiganda, Mackay alitumia sehemu za Maandiko zilizokuwa zimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Basi lugha hii tunayogombana nayo shuleni, na ambayo wengine huiona ni lugha ya sokoni na ya askari, ilikuwa mlango wa Neno katika nchi ile.

Halafu vita vya dini vikaja. Kati ya mwaka 1888 na 1889 Wakristo wa Buganda walifukuzwa kwao, wakakimbilia Ankole, wakaishi kama wageni katika ardhi ya wengine mpaka waliporudi. Kanisa la Uganda, ambalo leo linatuazima madarasa na viwanja, liliwahi kuwa kanisa la wakimbizi. Kijana wetu alikulia katika kizazi hicho. Alijua bunduki, na mwaka 1891 alifika Toro akiwa katika msafara wa kijeshi. Hapo aliona kwa mara ya kwanza milima ya Ruwenzori na theluji yake.

Tarehe 27 Januari 1895 alibatizwa kwa jina la Apolo. Jina la pili alipewa na watu. Alikuwa na koti la kijeshi la Kizungu alilolivaa pamoja na kanzu yake, nao wakamtania kwamba ni kitu kilichotoka Bulaya, yaani Ulaya. Ndiyo maana ya Kivebulaya. Utani ule ukawa jina lake mpaka kaburini.

SAFARI YA BOGA

Mwaka ule ule 1895 Apolo alitumwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Hakuwa kasisi, wala hakuwa na elimu kubwa. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu, kuwafundisha herufi, kisha kusoma nao Injili polepole, neno kwa neno. Mwaka 1896 Biblia nzima ilikamilika kutafsiriwa kwa Kiganda, na mwaka huo huo mfalme Kasagama wa Toro alibatizwa jina la Daudi.

Ng'ambo ya Semliki kulikuwa na Boga, nchi ya mkama Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kwenda huko, lakini wakarudi. Sababu ya kurudi kwao hapa kambini tunaielewa vizuri mno, nayo ilikuwa chakula. Mkama aliwakatalia chakula, nao wasingeweza kukaa.

Apolo aliposikia habari hiyo alinunua jembe. Hilo ndilo jembe tunaloliona katika picha. Alivuka bonde la Semliki, akapanda vilima vya upande wa pili, akafika Boga mwishoni mwa mwaka 1896, karibu na Krismasi. Akalima shamba lake, akapanda, akala jasho lake. Jioni alikuwa akikaa na waliotaka kusoma.

Tulipokuwa tukijadili makala hii katika kamati, mjumbe mmoja alitaka tuandike kwamba jembe la Apolo ni fundisho kwa wale wanaongojea mgao. Tulizungumza muda mrefu, tukakataa kuandika hivyo. Apolo alikuwa mtu mzima mwenye nguvu, hana mke wala mtoto wa kulisha, na alipata ardhi ya kulima. Mama mjane mwenye watoto watano na kipande cha shamba kilichojaa mawe si mvivu akipanga foleni. Mzee asiyeweza kuinama si mvivu. Tusilichukue jembe la Apolo tukawapigia wanyonge. Maana yake ni nyingine. Apolo alikuwa anajua kwamba mkono unaokulisha unaweza kukufunga mdomo, naye alitaka kusema kweli mbele ya mkama bila kuogopa kunyimwa chakula cha usiku. Mwenye nguvu na alime, ili apate pia uhuru wa kusema. Asiye na nguvu naye asinyimwe uhuru huo kwa sababu ya sahani yake. Hili tunawaambia viongozi wa vijiji vya kambi, na tunajiambia sisi wenyewe.

MATESO NA KIFUNGO

Tabaro hakufurahia. Mafundisho ya Apolo yaligusa mambo mengi: ulevi, ndoa za wake wengi, waganga, na mamlaka ya mkama juu ya watu wake. Wasomaji walisumbuliwa. Apolo mwenyewe alipigwa kwa kiboko, na nyumba ya kusomea ilichomwa moto. Hata hivyo aliendelea kukaa pale.

Kisha likatokea jambo baya zaidi. Katika kazi za kujenga, mwanamke mmoja wa jamaa ya mkama aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika majani, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alishitakiwa kuwa ndiye aliyemwua. Alifungwa, akapelekwa Fort Portal kwa serikali ya Waingereza, akakaa gerezani. Mwishowe aliachiliwa, maana hakuonekana na hatia.

Katika siku zile za dhiki Apolo aliona maono. Alisimulia baadaye kwamba Kristo alimtokea aking'aa kama jua, akamtia moyo asiogope, kwa kuwa yeye yupo pamoja naye. Wasomaji wetu si wote wanaoamini maono, na kila mtu ana uhuru wake. Sisi tunataka mtazame jambo lililofuata, ambalo halina ubishi. Mtu huyu, alipotoka gerezani, angeweza kurudi kwao Buganda, au kukaa Toro penye mfalme Mkristo na marafiki wengi. Alivuka tena Semliki, akarudi kwa Tabaro.

Hakurudi na askari, wala hakudai fidia. Alirudi na kitabu chake, akashika jembe lake, akaendelea mahali alipoachia. Baada ya muda mkama mwenyewe alianza kusikiliza. Aliomba kufundishwa, na siku ikafika akabatizwa jina la Paulo, jina la yule aliyelitesa kanisa kwanza.

KIKUNDI CHETU CHA JUMANNE

Hapa inatupasa kusema habari zetu wenyewe kidogo, maana ndiko tulikojifunza ugumu wa jambo hili.

Katika kambi yetu kuna kikundi kinachosoma Biblia kila Jumanne jioni chini ya mwembe. Biblia zetu ni chache, watu watatu kwa kitabu kimoja. Mwaka mmoja tuliamua kusoma Injili ya Marko yote, kidogo kidogo. Katika kikundi wamo watu wa jamii mbili ambazo zimepigana huko nyumbani. Wapo waliochomewa nyumba, na wapo ambao ndugu zao walihesabiwa kuwa wachomaji.

Sura za kwanza zilikwenda vizuri. Mpanzi, dhoruba ziwani, mikate: watu walifurahi na kila mmoja alikuwa na la kusema. Tulipofika sura ya 11, pale Bwana anapofundisha juu ya mtu anayesali huku moyoni ana neno juu ya mwenzake, mama mmoja alikifunga kitabu, akasimama, akaondoka. Aliyekuwa ameketi karibu naye, akisoma naye kitabu kimoja, alikuwa mama wa jamii ya pili.

Tukiri kosa letu. Juma lile wawili kati yetu walikwenda kwake na maneno mengi juu ya wajibu wa kusamehe. Aliwasikiliza kimya, akawapa viti na maji, wala hakujibu. Tuliona aibu baadaye. Sisi hatukuwa tumefiwa kama yeye, lakini tulikwenda kumdai kama watu wanaokusanya deni.

Alikaa bila kuja miezi miwili hivi. Jumanne moja alikuja, akaketi pembeni. Hakusema kwamba amesamehe, wala hatukumwuliza. Aliuliza tu tumefika sura gani. Siku hiyo yule mama wa pili, ambaye macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, hakuwa na mtu wa kumsomea. Mama wa kwanza alisogeza kiti, akamsomea. Ndivyo wanavyofanya hata leo. Nje ya kikundi hawatembeleani. Hatujui kama watatembeleana siku moja.

Tangu hapo tunayasoma maisha ya Apolo kwa macho mengine. Zamani tuliposimulia habari zake tulikwenda mbio kutoka kiboko mpaka ubatizo wa Tabaro, kana kwamba ilikuwa siku moja. Haikuwa siku moja. Kati ya kipigo na ubatizo kulikuwa na kupalilia, kupika, kuamkiana njiani na mtu aliyekudhulumu, na kuketi jioni mbele ya kitabu kile kile. Apolo alisamehe kwa kukaa. Wala hakumtuma mtu mwingine akasamehe badala yake.

MIAKA YA BAADAYE

Yaliyobaki tutayasema kwa ufupi. Askofu Tucker alimfanya Apolo shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi alifanya kazi Toro, akitembea kwa miguu kijiji hata kijiji. Hakuoa. Mchumba wake alifariki, naye akabaki peke yake, ingawa nyumba yake haikukosa vijana aliowalea na kuwafundisha.

Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wanapiga mistari juu ya ramani. Kwa mapatano ya mwaka 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Boga iliangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu walilala katika nchi moja wakaamka katika nyingine, bila kuhama. Kanisa dogo la Boga likatengwa na mama yake. Mnamo 1915 Apolo alirudi huko kukaa, naye akavuka mpaka huo mara nyingi, kama vile watu wetu wanavyouvuka.

Katika miaka ya 1920, akiwa mzee, aliingia msituni kwa Wambuti. Watu wengi wa vijiji waliwadharau Wambuti, wakawahesabu kuwa si watu kamili. Apolo aliketi nao, akajifunza maneno yao, akawafundisha, na Injili ya Marko ikaanza kuandikwa kwa lugha ya msituni. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini heshima hiyo haikumvuta kwenda kukaa mjini.

Alipougua mwaka 1933 alikuwa Buganda, penye hospitali na jamaa zake. Aliomba arudishwe Boga, akafia huko tarehe 30 Mei. Aliagiza pia juu ya kuzikwa kwake: kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kinyume cha desturi ya kwao, iwe ishara kwamba kazi bado inakwenda mbele. Mbegu ile ilikua. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 kanisa la Anglikana la nchi ile, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, likawa jimbo linalojitegemea.

NENO GUMU

Tungependa kumaliza hapo, lakini wengi wenu mngetuuliza jambo, na mngekuwa na haki. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ya ukumbusho wa Apolo ilipokuwa imekwisha tu, wenye silaha walivamia Boga na Tchabi. Zaidi ya watu 50 waliuawa. Wamo kati yetu waliofiwa usiku ule.

Hatuna maelezo ya kuwapa. Hatutasema kwamba kwa kuwa Apolo alirudi Boga, basi nasi turudi. Yeye alikuwa peke yake na alichagua mwenyewe. Mwenye watoto hawezi kuchaguliwa na mwingine siku ya kurudi, awe kamati, serikali au shirika. Tena kukimbia si upungufu wa imani. Wakristo wa Buganda walikimbia mwaka 1888, na katika Injili hata mtoto Yesu alikimbizwa Misri usiku.

Tunachoweza kusema ni kidogo. Pale Apolo alipotaka kuanza hapakuwa na amani, na walimu wa kwanza walikuwa wamekwisha kushindwa. Alianza na vitu viwili ambavyo hapa tunavyo: kitabu kimoja cha kusoma pamoja, na jembe. Kama tutarudi nyumbani siku moja, tutarudi na majirani hawa hawa, wa jamii hizi hizi. Tukishindwa kushiriki kitabu kimoja chini ya mwembe, tutashirikije kisima kule?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Walimu wa kwanza walirudi kwa sababu ya chakula. Je, walikosea? Sisi tungefanya nini?

2. Kuna mtu katika kambi tunayemhukumu kwa sababu anategemea mgao? Tunamfahamu hali yake kweli?

3. Apolo aliwaendea Wambuti waliodharauliwa. Hapa kambini ni nani anayedharauliwa, na nani amewahi kuketi naye?

4. Someni Marko sura ya 11 polepole. Asiyeweza kusema neno asilazimishwe. Aachiwe nafasi yake na kiti chake.

Kikundi cha Jumanne bado kinaketi chini ya mwembe saa kumi na moja jioni. Wote wanakaribishwa, wa dini zote, na wasiojua kusoma wanakaribishwa zaidi. Mwenye Biblia aje nayo, maana bado hazitoshi.

Mungu awafariji waliofiwa, na atulinde sote.

Ni sisi, Kamati ya Jamii.